Fundi wa Mlandege Anajibu: Programu niliyoiandika mwenyewe itaingiaje kwenye apt?

Barua tatu safari hii, zote za mashine za Linux, na ya kwanza imekula karibu ukurasa wote. Ni ya Ubuntu, ambako apt ndiyo amri ya kuleta na kusakinisha programu. Mwenye haraka aruke hadi chini.

SWALI

Fundi, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli moja hapa Wete. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 14, kongwe zote, na tumezitia Ubuntu 22.04. Nimeandika kwa Python programu ndogo inayoonesha saa ya Kiswahili kwenye skrini, maana watoto wakiona 14:15 wananiuliza, "Mwalimu, saa kumi na nne ndiyo saa ngapi?" Nimeiita saayetu. Nilizunguka na flashi mashine moja moja, nikaitia ndani ya /usr/bin kwa sudo cp. Sasa imetokea kasoro: ikifika saa kumi na mbili jioni inaandika "saa sifuri jioni", na wanafunzi wa tuisheni wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nimeshairekebisha, lakini sikumbuki mashine ipi nimeibadilisha na ipi bado. Ninachotaka ni kuandika sudo apt install saayetu kama ninavyofanya kwa programu nyengine. Kijana mmoja wa Chake kaniambia haiwezekani mpaka wakubwa wa Debian waikubali kwanza. Ni kweli? Na ujue intaneti yetu ni bando la simu yangu.

*Mwalimu, Wete*

JIBU

Waalaykum salaam, mwalimu. Hiyo "saa sifuri" niliisoma kwa sauti barazani na mtu kamwaga kahawa. Ulichukua saa ya kompyuta ukatoa sita, ukagawa kwa kumi na mbili ukachukua baki. Hesabu ni sahihi kabisa, ila baki ikiwa sifuri ndiyo kumi na mbili yenyewe. Nashukuru umeshaiona.

Kijana wa Chake kachanganya mambo mawili. Kuingia katika ghala kuu la Debian ni safari ndefu kweli: kuna kanuni zilizoandikwa, kuna ukaguzi, na mgeni hutafuta mdhamini aliye ndani. Debian ni mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na jina kaliunga kwa kuchukua la mpenzi wake wa wakati ule, Debra, akalitia mbele ya lake. (Huku kwetu jina la mpenzi huandikwa kwenye dau, wenzetu wakaliandika kwenye mfumo mzima.) Ubuntu imetoka humo humo mwaka 2004, ndiyo maana vifurushi vyake, yaani mabunda ya .deb yenye programu na maelezo yake, ni vya mtindo mmoja. Lakini apt iliyo kwenye mashine yako haina habari na wakubwa wa popote. Inataka mambo mawili tu: kifurushi kifungwe kwa namna inayokubalika, na yeye aambiwe kipo wapi. Ghala linaweza kuwa folda juu ya meza yako hapo Wete.

Kabla ya kufunga, nikwambie kwa nini sudo cp, yaani kunakili kwa mamlaka ya root, mkuu wa mashine, ndani ya /usr/bin si jambo zuri. Kwenye mashine yako dpkg ndiye sheha. Ana daftari lake, limo ndani ya /var/lib/dpkg, na humo kila faili lililokuja na kifurushi limeandikwa ni la nani. apt ni yule anayetumwa bandarini kuleta mzigo. Akishaufikisha, anayeuandika ni dpkg. Programu yako imeingia shehiani usiku bila kuonana na sheha. Ukitaka kuhakikisha andika:

dpkg -S /usr/bin/saayetu

Atakujibu hajui faili hilo limetoka wapi.

Mimi jambo hili limenigharimu mteja. Mwaka 2016 alinijia mwenye duka la stesheni karibu na Darajani na printa ambayo Ubuntu haikuitambua. Nikaitafutia kiendeshi, nikakikusanya mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake usiku kucha, nikapiga sudo make install, amri inayoyatia mafaili bila ya kifurushi, moja kwa moja ndani ya /usr. Printa ikafanya kazi kama mpya, nami nikalipwa. Miezi ikapita. Siku moja mashine ikajisasisha, na katika vilivyokuja kikawamo kifurushi chenye faili la jina lile lile na mahali pale pale. dpkg hakuuliza mtu. Faili langu halikuwa daftarini, kwa hiyo kwake halina mwenyewe, akaweka jipya juu yake. Mafaili yangu mengine yakabaki pale pale, ya zamani, yakilazimishwa kufanya kazi na mgeni wasiyeelewana naye. Simu ikalia: "Fundi, karatasi zinatoka hirizi!" Nilipofika niliziona, na kweli, hirizi tupu. Wazazi foleni mpaka nje, kila mmoja na fomu ya mtoto mkononi.

Laiti ningelifunga kifurushi siku ile, dpkg angekataa hapo hapo. Angesema faili hili ni mali ya kifurushi fulani, silifuti. Huo ndio ulinzi unaoupata ukiandikwa, na ndio sababu kubwa ya kukuchosha na haya yanayofuata. Wepesi wa kuandika apt install ni ziada tu.

Sasa tufunge. Katika mashine yako, ndani ya folda yako ya nyumbani, tengeneza folda iitwayo saayetu_1.1_all. Ndani yake tia mafaili yako kama yatakavyokaa kwenye mfumo: programu yenyewe iwe usr/bin/saayetu, na lile faili linaloifanya ionekane kwenye menyu liwe usr/share/applications/saayetu.desktop. Pembeni ya folda ya usr tengeneza nyengine iitwayo DEBIAN, kwa herufi kubwa zote, na ndani yake faili moja la maandishi liitwalo control:

Package: saayetu
Version: 1.1
Architecture: all
Maintainer: jina lako <anwani yako ya barua pepe>
Depends: python3, python3-tk
Description: Saa ya Kiswahili ya mezani
 Inaonesha saa kwa hesabu ya Kiswahili,
 pamoja na asubuhi, mchana, jioni na usiku.

Mistari miwili ya mwisho inaanza na nafasi moja tupu. Ukiisahau, dpkg atadhani umeanza kipengele kipya na atalalamika. Mstari wa mwisho nao uumalizie kwa kubonyeza Enter. Depends inataja vifurushi ambavyo programu inavitegemea: python3 yenyewe, na python3-tk inayochora dirisha. Neno all linasema programu hii haijali aina ya prosesa, kwa kuwa ni Python. Ingekuwa ya C ungeandika amd64.

Kisha ipe programu ruhusa ya kuendeshwa, ufunge:

chmod 755 saayetu_1.1_all/usr/bin/saayetu
dpkg-deb --build --root-owner-group saayetu_1.1_all

Lile neno refu la katikati, --root-owner-group, usilidharau. Usipolitia, mafaili yatabeba namba ya mtumiaji wako wewe, ambayo kwenye Ubuntu mtu wa kwanza kuandikishwa hupewa 1000. Ukiyapeleka kwenye mashine ya chumba cha wanafunzi, aliyeandikishwa wa kwanza pale naye ni 1000, na huyo pengine ni akaunti ya "mwanafunzi". Umempa ruhusa ya kuibadilisha programu yako atakavyo. Wa darasa la kumi na moja hawahitaji wiki nzima kuligundua hilo.

Na usifungie kazi hii juu ya flashi. Najua ndipo kila kitu chako kilipo. Flashi nyingi tunazonunua madukani zimepangwa kwa FAT, na FAT haijui ruhusa za Linux. Utapiga chmod nayo itanyamaza, au itagoma, na mwisho programu inatoka haina ruhusa ya kuendeshwa. Nimeletewa kazi za namna hiyo zaidi ya mara moja, mtu kakesha anatafuta kosa kwenye msimbo usio na kosa. Funga kwenye diski ya kompyuta. Kikishatoka kifurushi cha .deb kipeleke kwa flashi yoyote uitakayo, maana ruhusa sasa zimo ndani ya kifurushi, flashi haina la kuzifanya. Ni kama pakacha lililokwisha shonwa mdomo. Ukitaka kulichungulia, amri ni ar t saayetu_1.1_all.deb, na utaona vitu vitatu: kikaratasi chenye namba 2.0, bunda la maelezo, na bunda la mafaili yenyewe. Hakuna uchawi wowote mule.

Kukisakinisha:

sudo apt install ./saayetu_1.1_all.deb

Hizo nukta na mkwaju mbele ya jina ni lazima. Bila ya hizo apt atakwenda kulitafuta jina hilo ghalani badala ya kulitazama folda uliyomo. Wapo wanaotumia dpkg -i, nayo inafanya kazi, lakini dpkg hatoki kwenda kutafuta kinachokosekana. Atakwambia python3-tk haipo kisha akuache hapo. Na ile saayetu ya zamani uliyoitia kwa mkono usihangaike kuifuta. Tabia ile ile iliyonikosesha mteja itakufaa wewe: dpkg ataikuta haina mwenyewe, ataweka mpya juu yake, na safari hii ataiandika.

Kuanzia hapo swali lako la mashine ipi ina toleo lipi linajibiwa na amri moja, dpkg-query -W saayetu. Lakini itajibu kweli iwapo tu wewe mwenyewe una nidhamu ya namba, na hapa wengi huteleza. Ukibadilisha hata herufi moja, ongeza namba. Usitoe 1.1 mbili tofauti, kwa sababu apt akiiona 1.1 ipo na ghalani ipo 1.1 hana la kufanya. Namba zinasomwa kipande kwa kipande, kwa hiyo 1.10 ni kubwa kuliko 1.9, ingawa mwanafunzi wa hesabu atakubishia. Na ukitaka kujaribu kitu kabla ya kukitoa rasmi, iko alama ya wimbi: 1.2~jaribio inahesabiwa ndogo kuliko 1.2, hivyo siku ukitoa 1.2 yenyewe wote waliokuwa na jaribio wataipata bila ya wewe kuwagusa.

Jina nalo. saayetu ni jina zuri, lakini iwapo siku moja ghala la Ubuntu litakuwa na kifurushi cha jina hilo chenye namba kubwa kuliko yako, siku ya kusasisha apt atakupa cha kwao na atakuwa hajakosea. Ningekuwa mimi, kwenye mstari wa Package ningeandika wete-saayetu tangu mwanzo, na hapa chini ndivyo nitakavyokiita. Herufi ndogo, tarakimu, kistari, nukta na alama ya kujumlisha ndizo zinazokubaliwa, basi. Programu ndani inaweza kubaki saayetu.

Tuje kwenye ghala, maana hukusema unataka kuzunguka na flashi milele. Chagua mashine moja, ya kwako, iwe ndiyo ghala. Isakinishie dpkg-dev, ambayo itakula bando mara moja tu. Tengeneza folda /srv/ghala, ifanye iwe mali yako kwa sudo chown, weka .deb yako humo, kisha ukiwa ndani ya folda hiyo:

dpkg-scanpackages . | gzip > Packages.gz
python3 -m http.server 8000

Ya kwanza inaandika orodha ya vilivyomo, ya pili inafungua mlango. Mashine 14 uziunganishe kwa swichi, au kwa rauta yoyote kongwe hata isiyo na intaneti. Simu yako iache ipumzike, haihusiki hapa na bando halitaguswa. Ipe mashine ya ghala anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kwenye kila mashine ya wanafunzi tengeneza faili /etc/apt/sources.list.d/skuli.list lenye mstari mmoja:

deb [trusted=yes] http://192.168.1.10:8000/ ./

Halafu sudo apt update, na sudo apt install wete-saayetu. Kwenye update apt atanung'unika kwamba hakuyafikia maghala ya Ubuntu, kwa kuwa intaneti haipo. Mwache anung'unike, la kwako kalisoma. Siku ukirekebisha kitu, unaongeza namba, unafunga, unaweka ghalani, unaiandika upya orodha. Mashine zitaipata zikisasishwa.

Hayo mabano yenye trusted=yes ni mimi kukurahisishia, na sikufichi yanamaanisha nini. Unamwambia apt: chochote kitokacho anwani hii kiamini, usiulize muhuri. Ndani ya chumba kimoja kilichofungwa, chenye swichi isiyotoka nje, mimi ningekubali. Siku mtandao huo ukiungwa na ofisi au na Wi-Fi ambayo kila mtu ana neno lake la siri, usikubali tena, maana anayeweza kuikalia anwani hiyo anaweza kuzitia mashine zako programu yoyote kwa mamlaka ya root. Hapo ndipo unatengeneza faili la Release kwa apt-ftparchive, unalitia saini kwa ufunguo wako wa gpg, ufunguo wa hadharani unauweka ndani ya /etc/apt/keyrings, na pale penye trusted=yes unaandika signed-by na njia ya ufunguo huo. Ukifika huko niandikie, ni barua yake peke yake.

Jambo dogo la mwisho. Programu yako inakwenda kwenye mashine zote 14, kwa hiyo python3-tk mnayo tayari. Mashine ya kumi na tano itakuja haina. Siku hiyo iunge na simu, andika sudo apt install --download-only python3-tk, na vifurushi vyote vinavyotakiwa utavikuta ndani ya /var/cache/apt/archives. Vinakili uvitie ghalani pamoja na cha kwako, andika orodha upya, na wa kumi na sita hatogusa bando lako.

SWALI

Fundi, mimi nimesoma makala zako nimechelewa. Nilishatia programu kwa sudo make install, haikunipendeza, nataka kuiondoa. apt remove inasema haijui. Nifanyeje?

*Jang'ombe*

JIBU

Haijui kwa sababu hukumwambia, yamesemwa hapo juu. Kama folda ya msimbo bado unayo, jaribu sudo make uninstall. Waandishi wengine huiweka, wengine hawajali. Kama haipo amri hiyo, iko njia ninayoipenda. Ndani ya folda ile ile andika:

make install DESTDIR=/tmp/angalia
find /tmp/angalia -type f

Programu itajisakinisha upya, lakini safari hii ndani ya folda ya muda, na find itakuonesha jina la kila faili na mahali ambapo lilikwenda mara ya kwanza. Ondoa /tmp/angalia mwanzoni mwa kila mstari na unayo orodha ya vya kufuta. Soma mstari kwa mstari kabla ya kufuta, na kila unalolitilia shaka muulize dpkg -S. Akisema lina mwenyewe, usiliguse.

Ukiona kwenye orodha kila kitu kimekwenda /usr/local, umesalimika. Sehemu ile imeachiwa makusudi wenye mashine, vifurushi vya Debian haviruhusiwi kuweka mafaili yao huko, na ndiko ningemtuma mwalimu wa Wete kama angeng'ang'ania cp. Kwa DESTDIR hiyo hiyo, mbali ya kufuta, unaweza kuielekeza kwenye folda ya kifurushi, ukaongeza DEBIAN na control, ukafunga. Kiendeshi changu cha printa niliishia kukifunga hivyo, nikiwa nimechelewa.

SWALI

Mbona kila siku ni Ubuntu na Debian? Sisi wa Fedora hatuna fundi?

*Fumba*

JIBU

Mnaye, ila hamleti mashine zenu zikiharibika. Kwenu kifurushi ni .rpm. Badala ya control mnaandika faili la spec, mnafunga kwa rpmbuild, na orodha ya ghala inaandikwa na createrepo_c. Faili la kuelekeza ghala linakaa ndani ya /etc/yum.repos.d, na anayetumwa bandarini kwenu anaitwa dnf. Ile trusted=yes niliyomwonya mwalimu kwenu inaandikwa gpgcheck=0, na onyo ni hilo hilo. Ukikwama leta spec yako Mlandege, nipo hadi magharibi, Ijumaa hadi saa sita.